Nyasi Ishikayo Mchanga wa Pwani

Tangu nilipoingia Kidato cha Kwanza, minazi miwili iliyokuwa nyuma ya mabweni yetu imeanguka baharini, kwa kuwa mawimbi yameula mchanga uliokuwa chini yake. Hapo ndipo sisi wenyewe, siku za usafi, tulipokuwa tukilima nyasi fulani ngumu tukidhani ni magugu. Wataalamu wa mimea huiita Sporobolus virginicus, nayo ni mwenyeji wa pwani yetu.

Kwanza yafaa tujue kwa nini haifi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ipatayo gramu 35. Chumvi ikizidi udongoni, mizizi ya mimea mingi hushindwa kuvuta maji, na mmea hukauka ingawa umesimama majini. Nyasi hii huizuia chumvi nyingi isiingie mizizini, na ile iliyoingia huitoa kwa vinyweleo vidogo vya majani yake. Ukililamba jani wakati wa jua utaonja chumvi hiyo.

Shina lake hutambaa chini ya mchanga na kutoa mizizi kwenye vifundo, hata mchanga ukashikwa kama kwa wavu. Juu, majani hupunguza nguvu za upepo, na mchanga uliopeperushwa huanguka papo hapo. Haba na haba hujaza kibaba: baadaye huwa tuta, na tuta hilo ndilo bahari hulipiga kabla ya kuifikia minazi.

Jinsi ya kuipanda ni hivi. Mbegu zake ni shida kuota, kwa hiyo tumia vipande vya shina. Chimba kidogo hapa na kidogo pale, usije ukaponya kidonda kimoja kwa kufungua kingine. Kata vipande vyenye vifundo vitatu au vinne, uvipande katika makopo ya mchanga yaliyotobolewa chini. Vinyweshe maji matamu, maana nyasi hii huivumilia chumvi lakini haiihitaji. Majani mapya yakitoka, changanya maji ya bahari kidogo kidogo ili izoee. Masika yaanzapo, ihamishie juu ya mahali yafikapo maji ya bamvua, kisha weka ua wa makuti, kwani ikiwa changa haistahimili kukanyagwa na watu wala mbuzi.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini tusilete nyasi ya kigeni ikuayo upesi zaidi? Mwaka 1979 China ilileta nyasi ya pwani kutoka Marekani ili ilinde fukwe zake. Ilienea mno, ikazisonga nyasi za wenyeji na kufunika matope wanayolishia ndege.

Sisemi kwamba nyasi hii itaizuia bahari yote. Mahali watu wanapochota mchanga wa kujengea haitafaa kitu. Lakini siku ya usafi ijayo, tukiifikia, tuweke majembe chini. Bado umesimama mnazi wa tatu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne