Kikomo cha Kauli katika Lugha za Programu: Alama au Mstari?

Maneno "Juma amerudi jana alikuwa mgonjwa" yana maana mbili kutegemea mahali nukta inapowekwa: jana inaweza kuwa siku ya kurudi au siku ya kuugua. Msomaji hutegemea muktadha, au humwuliza mwandishi. Kompyuta haiulizi, hufuata kanuni. Kwa sababu hiyo, kila lugha ya programu hulazimika kubainisha mahali kauli inapokomea. Zinachotofautiana ni namna ya kubainisha.

Namna ya kwanza ni alama bayana. Katika lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, nukta-mkato ni kikomo, yaani sehemu ya kauli sahili yenyewe. Katika Pascal ya Niklaus Wirth (1970), alama hiyohiyo ni kitenganishi cha kauli mbili. Ndiyo maana ikiwekwa mbele ya neno la "vinginevyo" katika kauli ya masharti, programu hukataliwa.

Namna ya pili ni mstari. Kauli za FORTRAN, iliyotolewa na IBM mwaka 1957, ziliandikwa kwenye kadi za kutobolewa, kauli moja kwa kadi. Kauli ilipozidi, alama katika safu ya 6 ya kadi iliyofuata ilionyesha mwendelezo. Python (1991) nayo hukomesha kauli mwishoni mwa mstari, isipokuwa mabano yakiwa hayajafungwa au pakiwa na alama ya kuendeleza.

Utata hujitokeza katika namna ya tatu, ambapo alama inaruhusiwa kuachwa na mashine ikaijazia. Katika JavaScript (1995), mwisho wa mstari wakati mwingine hukomesha kauli na wakati mwingine haukomeshi. Amri ya kurudisha thamani ikiandikwa peke yake na thamani ikashushwa mstari wa chini, mashine hukata baada ya amri, na thamani hupotea bila onyo. Kinyume chake, mstari unaoanza kwa mabano unaweza kuunganishwa na uliotangulia ingawa mwandishi alikusudia kauli mbili.

Go (2009) pia hujazia nukta-mkato, lakini kwa kutazama tu neno au alama ya mwisho ya mstari, hivyo mwandishi hujua mapema kitakachotokea. Inabainika, basi, kuwa alama bayana si ya lazima. Kisichoweza kukosekana ni kanuni ambayo mwandishi na mashine wataisoma kwa namna moja.