Kukodi Gari Orlando: Lini Kwafaa na Lini Si Lazima

Familia nyingi za wasemaji wa Kiswahili walioweka makazi Marekani, pamoja na ndugu wanaowazuru kutoka Dar es Salaam, Mombasa, Bukavu na kwingineko, hutia nia ya kuwapeleka watoto Orlando, katika jimbo la Florida, penye bustani kubwa za burudani ambazo sifa zake zimeenea duniani. Na baada ya tiketi za ndege kununuliwa, na viingilio kulipiwa, na hoteli kuchaguliwa, hubaki suala moja ambalo aghalabu huamuliwa kwa haraka, nalo ni kama wakodi gari au wasikodi. Wengine hukodi kwa sababu hawawezi kuitasawari Marekani bila gari. Wengine hukataa kwa sababu wamesikia kwamba mabasi yapo na hayana nauli. Kila upande una ukweli wake, walakini hakuna uliouliza lile linalostahili kuulizwa kwanza: gari hilo litafanya kazi gani, siku gani, na litakwenda wapi?

Suala lenyewe lina asili yake katika ardhi. Walt Disney alipojenga bustani yake ya kwanza huko Anaheim, California, iliyofunguliwa mwaka 1955, haukupita muda ila hoteli na maduka ya watu wengine yakaizunguka, naye akaazimia kwamba atakapojenga tena hatabanwa namna ile. Kwa hiyo, kabla ya kuutangaza mradi wake mwaka 1965, kampuni yake ilikuwa imekwisha kununua kwa siri, kwa majina ya makampuni mengine, eneo kubwa la vinamasi na misitu kusini-magharibi ya mji wa Orlando, ambalo ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 100. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1966 kabla ya kuiona kazi hiyo ikitimia. Magic Kingdom ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, ikafuatwa na EPCOT mwaka 1982, na bustani ambayo leo yaitwa Hollywood Studios mwaka 1989, na Animal Kingdom mwaka 1998, nazo zimetawanywa katika eneo hilo, na baina yake pana maziwa, misitu na barabara kuu. Nje ya eneo hilo, kuelekea mjini, watu wa kampuni ya Universal walifungua bustani zao mwaka 1990 na mwaka 1999, kisha Mei 2025 wakaongeza Epic Universe, ambayo nayo haikukaa pamoja na zile mbili za kwanza, bali iko mbali nazo kwa kilomita kadhaa.

Mwenye kwenda Disneyland Paris, iliyofunguliwa mwaka 1992, hupanda treni ya RER A katikati ya mji, akashukia kituo cha Marne-la-Vallée–Chessy, naye akitoka nje ya kituo huwa amekaribia mlango wa bustani. Huko haja ya gari ni ndogo mno. Orlando haikujengwa kwa kufuata reli. Treni ya Brightline, iliyoanza kufika hapo kutoka Miami mwaka 2023, huishia uwanja wa ndege, na kutoka uwanja huo hadi hoteli za Disney ni safari ya kilomita 30 au zaidi. Tangu mwaka 2005 wageni waliopanga katika hoteli za Disney walichukuliwa uwanjani kwa basi lisilo na malipo, lakini hisani hiyo ilikoma mwanzoni mwa mwaka 2022, na tangu hapo kila familia hulipa basi la biashara, au teksi, au huchukua gari la kukodi papo hapo uwanjani. Ndiyo maana wengi walioizuru Orlando zamani bila kulifikiria jambo hili, leo hawana budi kulifikiria.

Aliyepanga katika hoteli ya Disney hupata fadhila ambayo thamani yake si ndogo. Mabasi huziunganisha hoteli na bustani bila nauli. Treni ya reli moja, iliyokuwapo tangu mwaka 1971, huzipitia hoteli tatu zilizo kando ya ziwa na kufika Magic Kingdom, na tawi lake jingine huenda EPCOT. Na magari ya kamba yaendayo angani, yaitwayo Skyliner, yaliyoanza Septemba 2019, huzifikisha hoteli kadhaa EPCOT na Hollywood Studios. Hata hivyo, kila chombo kina kasoro yake. Florida ya kati ni miongoni mwa sehemu za Marekani zinazopigwa na radi mara nyingi, hususan alasiri za kiangazi, na radi ikikaribia Skyliner husimamishwa. Katika basi sharti kigari cha mtoto kikunjwe. Basi mama ambaye mwanawe amelala humo saa nne za usiku, baada ya fataki kwisha, hana budi kumwinua, kumwamsha au kumbeba begani, na kukikunja kigari kwa mkono mmoja huku mstari wa watu nyuma yake ukisogea. Kadhalika, atakaye kwenda kula katika hoteli nyingine aghalabu hapati basi la moja kwa moja, bali hupita kwanza katika bustani mojawapo au katika maduka ya Disney Springs, akabadilisha basi hapo, na safari ambayo kwa gari ni dakika kumi ikawa ya saa nzima.

Msomaji atasema, basi gari ni bora. Asikate shauri kabla ya kuifuata familia yenye gari inayokwenda Magic Kingdom asubuhi. Hupita penye vibanda vya malipo, ikaegesha katika uwanja mpana wenye safu zilizopewa majina ya mashujaa na maadui wa hadithi za Disney, ili mtu aikumbuke safu yake usiku. Kisha hutembea au hupanda kigari kirefu cha kuwakusanya watu, ikafika kituo kikuu cha vyombo vya usafiri. Na hapo bado haijafika, kwa kuwa baina ya kituo na bustani pana ziwa, nayo sharti ipande pantoni kulivuka, au treni ya reli moja kulizunguka. Wakati huohuo basi la hoteli hupita njia yake na kushusha abiria karibu kabisa na lango. Kwa bustani hiyo moja, iliyo maarufu kupita zote, mwenye basi hufika kwa wepesi kuliko mwenye gari. Katika zile tatu nyingine hali hugeuka, kwani maegesho yako mbele ya milango yake, na gari hufaa.

Tena liko jambo la gharama, na hapa ndipo wengi hupotezwa na bei ya tangazo. Bei iliyoandikwa kwa siku si bei itakayolipwa. Huongezwa kodi ya mauzo, na ada ya jimbo la Florida ya dola 2 kwa kila siku, na ada ya uwanja wa ndege ikiwa gari limechukuliwa hapo. Dereva asiyetimiza umri wa miaka 25 aghalabu hutozwa nyongeza ya kila siku, na jina la dereva wa pili huweza kuwa na bei yake. Sheria ya Florida yataka kila mtoto wa miaka 5 au chini yake akae katika kiti maalumu kinacholingana na umri wake, na viti hivyo vikikodiwa kwa siku, kwa watoto wawili kwa juma zima, fedha yake yaweza kushinda bei ya kununua vipya dukani. Barabara nyingi nzuri zitokazo uwanja wa ndege ni za kulipia, na baadhi ya makampuni hutoza, zaidi ya malipo ya barabara yenyewe, ada ya kutumia kifaa chao. Ilhali mamlaka ya barabara huwapa wageni wanaokodi magari katika uwanja huo wa Orlando kadi ya muda ya kutundika kwenye kioo, Visitor Toll Pass, bila malipo, ili walipe kile tu walichotumia. Juu ya hayo, maegesho ya bustani ni dola 30 na zaidi kwa siku kwa asiyelala katika hoteli zao, na hoteli nyingi za nje hutoza maegesho ya usiku.

Penye meza ya kukabidhiwa gari, msafiri aliyechoka na mwenye watoto wanaolia hutakiwa kutia sahihi juu ya bima asizozijua. Sharti ajue mapema tofauti iliyopo: moja huondoa dhima ya gari lenyewe likiharibika au kuibwa, na nyingine hulipia madhara aliyowafanyia watu wengine. Mkazi wa Marekani mwenye bima ya gari lake aulize nyumbani, kabla ya safari, kama bima hiyo yafuata gari la kukodi; na mwenye kadi ya benki aulize kadi yake yasimamia nini. Mgeni atokaye Tanzania au Kenya, asiye na bima ya huko, asiipuuze ile ya madhara kwa wengine, maana gharama za matibabu Marekani ni za kutisha. Aulize pia ni kiasi gani cha fedha kitakachozuiliwa katika kadi yake kuwa dhamana, asije akakuta fedha aliyoitegemea kwa chakula imefungwa mpaka gari lirudishwe.

Mgeni huyohuyo akumbuke kwamba kwetu Afrika Mashariki, katika Tanzania, Kenya na Uganda, huendesha upande wa kushoto, na Marekani upande wa kulia. Akumbuke kwamba huko yaruhusiwa kukata kulia penye taa nyekundu baada ya kusimama kabisa, isipokuwa pale bango linapokataza. Na kwamba barabara ya I-4, iunganishayo Disney, Universal na mji, ina msongamano mkubwa wa magari. Haifai mtu kuanza kujizoeza mambo hayo usiku, baada ya safari ndefu ya ndege, na roho za ahali yake zikiwa mikononi mwake.

Baada ya hayo yote, ziko hali ambazo gari ni la lazima au linakaribia lazima. Familia iliyopanga nyumba huko Kissimmee au Davenport, ili watu wanane wapate vyumba na jiko kwa bei nafuu, haiwezi kutegemea basi. Anayetaka kuiona Kennedy Space Center, mahali walipoanzia safari watu wa kwanza kufika mwezini mwaka 1969, au kwenda pwani ya Cocoa Beach, au kuwapeleka wadogo Legoland huko Winter Haven, atapata tabu bila gari. Vilevile yule mwenye mzazi mzee asiyeweza kusimama kituoni, au mwenye kutafuta chakula cha halali, au anayetaka kusali msikitini au kanisani pamoja na jamaa wa mji ule, ana haja halisi ambayo basi la hoteli haliitimizi.

Kwa hiyo njia iliyo sawa ni kuziandika siku katika karatasi, moja baada ya moja, na kuiuliza kila siku haja yake. Tuchukue familia iliyopanga siku saba katika hoteli ya Disney: siku nne ni za bustani za Disney, moja ya Universal, moja ya Kennedy Space Center, na moja ya mapumziko. Gari lenye kazi hasa ni la siku moja, ile ya Kennedy. Universal hufikika kwa teksi ya kuitwa kwa simu, na siku zilizosalia basi latosha. Tukikadiria kwamba gari pamoja na kodi na bima ni dola 80 kwa siku, juma zima ni dola 560, na hata likitumiwa pia siku ya Universal, kwa siku tano gari litakuwa limelala katika maegesho. Kwa siku moja hukodiwa katika ofisi zilizo karibu na hoteli, ijapokuwa bei ya siku moja yaweza kuwa juu kidogo kuliko ya juma; dola zinazobaki huweza kulipia safari za uwanja wa ndege, na teksi ya Universal, na pengine teksi ya usiku ule mmoja ambao watoto wameshindwa kabisa kusubiri basi. Familia hiyohiyo ikipanga nje ya Disney, hesabu hugeuka: teksi za kwenda na kurudi kila siku kwa watu sita wenye kuhitaji gari kubwa huimeza tofauti yote, na gari la juma zima, pamoja na maegesho yake, huwa ndilo nafuu.

Basi ikae familia pamoja, wazee kwa vijana, iandike siku zake kabla ya kuweka sahihi katika mkataba wowote, na gari lihesabiwe kuwa ni la siku fulani yenye kazi fulani. Siku isiyo na kazi ya gari isilipiwe gari. Na siku yenye haja yake isinyimwe kwa ubahili, kwa maana fedha iliyookolewa kwa kumsimamisha bibi juani akingoja basi la pili haiwi akiba, bali hulipwa kwa uchovu wa mtu ambaye safari ile ilikusudiwa kumfurahisha.