Je, Wajua? Swichi Iliyotokana na Neva ya Ngisi

Mwaka 1934, Mmarekani Otto Schmitt alikuwa bado mwanafunzi. Akichunguza jinsi neva za ngisi zinavyopitisha ishara, alibuni saketi ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Uzuri wake ni kwamba kizingiti chake huhama. Chukua kilinganishi cha volti chenye umeme wa volti 12. Kwenye mlango wake chanya unganisha rezista tatu zinazolingana: moja kutoka volti 12, moja kwenda volti 0, moja kutoka kwenye tokeo. Ishara iingie mlango hasi. Tokeo likiwa volti 12, kizingiti ni volti 8. Ishara ikizidi 8, tokeo huanguka hadi 0, na kizingiti nacho hushuka hadi volti 4! Sasa halipandi tena mpaka ishara ishuke chini ya 4. Kelele ndogo za umeme haziwezi kuitikisa swichi hii.

Ajabu zaidi, tumia rezista za omu 10,000 au 100,000: vizingiti ni vilevile. Kinachoamua ni uwiano: 4 na 8 ni theluthi moja na theluthi mbili za 12.

Chipu mashuhuri ya 555 nayo hutumia theluthi hizohizo, kwa rezista tatu zilizo ndani yake.