'Bank' Si ya Pesa Tu

Hebu mpe mwanao sentensi hii ya Kiingereza aitafsiri: 'The old man sat on the bank.' Usishangae akikuambia kwamba mzee aliketi juu ya benki. Mtoto huyo si mjinga. Neno hilo lina maana mbili kuu, naye amezoea moja tu.

Tuanze na ile ya pesa. Katika miji ya Italia ya kale, wabadilishaji pesa walifanyia kazi yao kwenye benchi, nalo liliitwa 'banca'. Familia ya Medici ilipoanzisha benki yake maarufu mjini Florence mwaka wa 1397, neno hilo lilikuwa limeshika mizizi katika biashara. Wafaransa walilichukua, Waingereza wakalipokea, nasi tukapata benki. Hata 'bankrupt', yaani mtu aliyefilisika, lina asili huko huko: 'banca rotta', benchi lililovunjika!

'Bank' ya pili, ukingo wa mto, haikupitia Italia. Ilitokana na lugha ya mabaharia wa Skandinavia waliohamia Uingereza, na ilitumika huko muda mrefu kabla ya ile ya pesa kufika. Maana yake ilikuwa mwinuko au mteremko wa ardhi. Ndiyo sababu ndege inapolala upande mmoja ili ipinde kona, Waingereza husema pia kwamba ina-'bank'.

Hata hivyo, wataalamu wa lugha husema maneno haya mawili ni ya ukoo mmoja wa kale wa Kijerumani, na neno 'bench' limo katika ukoo huo. Kumbe benki na benchi ni ndugu!

Ukoo huo bado unakua. Mwaka wa 1937, Dkt Bernard Fantus wa hospitali ya Cook County, Chicago, alianzisha hifadhi ya damu na kuiita benki, kwa kuwa damu huwekwa leo ili itolewe siku ya shida.

Basi mzazi, mfundishe mwanao kusoma sentensi nzima kabla ya kuchagua maana. Je, inataja maji au pesa? Kosa la neno moja humnyima alama katika mtihani, na kesho laweza kumponza akisoma mkataba wa kazi. Akilalamika kwamba Kiingereza ni kigumu, mkumbushe Kiswahili chetu. Mgeni akiambiwa 'kaa', haogopi kuungua wala kubanwa na kaa wa baharini. Huvuta kiti akaketi.