Begi la kujifungulia kisiwani Mafia: kiandaliwe nini, na kiandaliwe na nani

Mwinjili Luka, anaposimulia kuzaliwa kwa Bwana wetu huko Bethlehemu, anataja jambo dogo ambalo mara nyingi tunalipita: Bikira Maria alimviringisha Mtoto katika nguo kabla ya kumlaza horini. Nafasi katika nyumba ya wageni haikuwapo, lakini nguo zilikuwapo. Bila shaka mama yule, aliyetoka Nazareti hali siku zake zimekaribia, alikuwa amezifunga katika mzigo wake wa safari. Tunaanza na tafakari hii kwa sababu wapo miongoni mwetu wanaoamini hata leo kwamba kuandaa nguo za mtoto ambaye bado hajazaliwa ni kumtakia mkosi. Imani hiyo haina msingi katika mafundisho ya Kanisa, na katika kisiwa kama Mafia inaweza kumgharimu mama uhai wake.

Hospitali ya Wilaya ya Mafia iko Kilindoni. Mama anayeishi jirani na mji huo hufika kwa bodaboda au kwa gari. Lakini mama wa Jibondo, Juani au Chole hana budi kuvuka bahari kwanza, kisha kushika barabara ya Utende kwenda Kilindoni. Maji yakiwa yamepwa, chombo hakiwezi kusogea hadi ufukweni, na abiria hushuka na kutembea ndani ya maji. Wakati wa kusi upepo huchafua bahari, na safari ya dakika chache hugeuka kuwa ya kusubiri. Tena, ikitokea kwamba mama anahitaji rufaa ya bara, mbele yake kuna safari nyingine ya kuvuka hadi Nyamisati, au ya ndege.

Hivyo basi, begi la mama wa Mafia hufungwa kwa kuikumbuka bahari kabla ya wodi. Begi la kitambaa hulowa. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, ambayo ndani yake vitu vimetiwa tena katika mifuko ya nailoni, hufaa zaidi kuliko begi zuri la dukani, na ikifika hospitalini hutumika kufulia.

Ndoo hiyo iwe tayari ifikapo wiki ya 36 ya ujauzito. Tarehe ya matarajio huhesabiwa wiki 40 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, lakini mtoto huhesabiwa kuwa ametimiza muda kuanzia wiki ya 37, na uchungu hauulizi ratiba ya maji kujaa na kupwa. Mama mwenye mimba ya mapacha, aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, au aliyeambiwa kliniki kwamba shinikizo lake la damu liko juu, asisubiri uchungu akiwa kisiwani kwake. Ahamie kwa ndugu au rafiki Kilindoni mapema.

Juu kabisa ya vitu vyote iwekwe kadi ya kliniki, katika mfuko wake usiopitisha maji. Kadi hiyo ndiyo inayomwambia mkunga asiyemfahamu mama kundi lake la damu, vipimo alivyofanyiwa na historia ya uzazi wake. Chini yake ziwekwe khanga safi, nne au zaidi, zilizofuliwa na kukaushwa juani. Za zamani ni bora kwa mtoto, maana ni laini na hunyonya maji. Vifaa kama mpira wa kutandika kitandani, glovu, pamba, wembe mpya na kibanio cha kitovu viulizwe kliniki, kwa kuwa mahitaji hutofautiana kati ya kituo na kituo. Mama mwenyewe atahitaji taulo za kike, sabuni, dera linalofunguka kifuani, na chupa ya chai kwa ajili ya uji.

Mtoto aandaliwe kofia, soksi na nguo mbili tatu. Huenda msomaji akashangaa kwamba tunasisitiza kofia katika joto la pwani. Mtoto mchanga hutoka akiwa amelowa, na mwili wake mdogo hupoteza joto upesi, hasa kichwani. Kwa sababu hiyohiyo hukaushwa na kulazwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na haogeshwi kabla ya saa 24 kupita. Chupa ya maziwa isifungwe: maziwa ya kwanza ya mama, yale ya rangi ya manjano, yanatosha, na mtoto aanze kuyanyonya ndani ya saa moja.

Kitu kingine kisichofungwa ni dawa za kienyeji za kuongeza uchungu. Tunafahamu kwamba hutolewa kwa upendo na bibi zetu. Hata hivyo nguvu yake haipimiki, na zinaweza kuupasua mji wa mimba.

Yako maandalizi ambayo hayaingii katika ndoo. Baba akiwa dago, nani ataamua kwamba sasa mama aondoke? Jambo hili limalizwe nyumbani mapema, mbele ya mashahidi, ili asiwepo wa kusema, “Tumsubiri mwenye nyumba.” Mwenye chombo ajulikane kwa jina, na nauli yake itengwe. Watajwe watu wawili walio tayari kutoa damu, kwa maana kutokwa damu baada ya kujifungua huua mama haraka kuliko matatizo mengi mengine. Namba 115 ya mfumo wa M-mama, ambayo haitozwi gharama, iandikwe katika simu ya kila mtu wa nyumba hiyo. Damu ikitoka kabla ya wakati, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, degedege likitokea, chupa ikipasuka au mtoto akiacha kucheza, safari ianze wakati huohuo.

Hapa tunafika kwenye neno tulilokusudia kuliambia taifa la Mungu. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza kwamba huduma za uzazi katika vituo vya serikali zitolewe bila malipo. Hata hivyo, vifaa huweza kupungua, na mama huombwa aje na vyake. Asiye navyo huona aibu. Hukaa nyumbani akisubiri apate khanga ya tatu, au huchelewa makusudi ili ajifungulie njiani. Mama huyo aambiwe waziwazi: nenda, hata kama ndoo yako ni tupu. Nasi tujiulize kwa nini ni tupu. Jumuiya ndogo ndogo huchanga bila kusukumwa panapotokea msiba. Mchango wa ndoo moja ni mdogo kuliko ule. Kina mama wa WAWATA wamtazame kwanza binti aliyepata mimba nje ya ndoa, maana yeye haletewi zawadi na mtu, na mara nyingi hata kliniki huenda kwa kujificha. Na kwa kuwa Wakatoliki wa Mafia ni wachache kati ya ndugu zetu Waislamu, ndoo ya jumuiya imfikie jirani yeyote mwenye shida.

Kabla ya kuondoka, mama aombe baraka ambayo Kanisa limeiweka kwa ajili ya mama anayekaribia kujifungua. Msindikizaji wake naye ajue ubatizo wa dharura. Katekisimu, namba 1256, inafundisha kwamba katika hali ya lazima mtu yeyote aweza kubatiza, hata asiyebatizwa, mradi ana nia ya kutenda litendalo Kanisa. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa, humwagiwa maji safi kichwani, huku anayebatiza akitamka kwamba anambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mtoto akipona harudiwi kubatizwa. Wazazi wampelekee paroko taarifa ya siku, mahali na jina la aliyebatiza, ili yaandikwe katika kitabu cha ubatizo na taratibu zilizobaki zikamilishwe kanisani.