Joseph Kiwele: Mwalimu wa muziki aliyekabidhiwa shule za Katanga

Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya Kongo kupata uhuru kutoka kwa Ubelgiji, Moïse Tshombe alitangaza kuwa Katanga imejitenga. Serikali ilipoundwa Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, wizara ya elimu alipewa mtu ambaye wakazi wengi walimfahamu kwa kinanda na kwaya kuliko kwa siasa. Jina lake ni Joseph Kiwele.

Wanaomkumbuka leo humtaja kwanza kama mtunzi wa La Katangaise, wimbo wa taifa wa nchi ambayo hakuna dola hata moja duniani iliyoitambua. Lakini kazi aliyoifanya kwa miaka mingi zaidi ni ualimu, na ualimu huo ndio uliompeleka kwenye kiti cha uwaziri.

Kutoka Mpala hadi mji wa shaba

Kiwele alizaliwa mwaka 1912 huko Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika. Mpala ilikuwa kituo cha Mapadri Weupe tangu mwaka 1885. Kwa kijana wa wakati huo na wa sehemu ile, njia ya elimu ilikuwa moja tu: misheni, kisha seminari. Humo ndimo Waafrika wachache walimofundishwa Kilatini, Kifaransa na kusoma noti za muziki.

Baadaye alihamia Elisabethville, mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Huko shule za Waafrika zilikuwa mikononi mwa mapadri Wabenedikto, chini ya Askofu Jean-Félix de Hemptinne. Kampuni ya Union Minière nayo iliwakabidhi Wabenedikto hao shule za kambi zake tangu miaka ya 1920. Serikali ilitoa ruzuku, kampuni ilitoa majengo, misheni ilitoa walimu. Katika madarasa ya chini watoto wa wachimbaji walisoma kwa Kiswahili. Kifaransa kilikuwa ngazi ya kupandia juu, na waliofika kwenye ngazi hiyo hawakuwa wengi.

Kiwele alifundisha muziki katika mazingira hayo. Mwaka 1937 padri Mbenedikto, Anschaire Lamoral, alianzisha kwaya ya wavulana iliyoitwa Waimbaji wa Msalaba wa Shaba, kwa heshima ya misalaba midogo ya shaba iliyotumiwa zamani Katanga kama fedha. Mji wenye kwaya ya namna hiyo ulimpa mwalimu wa muziki uwanja mpana. Kiwele alipiga kinanda, alitunga nyimbo za kanisa, na Misa yake ya Katanga ilionyesha kwamba ibada ya Kikatoliki inaweza kuimbwa kwa mahadhi ya Kiafrika. Ikumbukwe kwamba Missa Luba, iliyovuma duniani kote, ilitoka katika jimbo hilohilo, mjini Kamina, mwaka 1958.

Wizara yenye deni kubwa

Aliposhika elimu mwaka 1960, Kiwele alirithi mfumo wenye msingi mpana na kilele chembamba. Watoto wengi wa Kongo walikuwa wameonja shule ya msingi, lakini waliovuka kwenda sekondari walikuwa wachache. Nchi nzima iliingia katika uhuru ikiwa na Wakongo wasiozidi 30 hivi wenye shahada ya chuo kikuu. Chuo kikuu cha Elisabethville chenyewe kilikuwa kimefungua milango mwaka 1956, na wanafunzi wake wengi walikuwa Wazungu.

Tatizo la pili lilikuwa walimu. Sekondari ziliendeshwa karibu zote na Wabelgiji, na machafuko ya Julai 1960 yaliwafanya wengi wakimbie. Sehemu nyingine za Kongo ziliomba walimu kupitia Umoja wa Mataifa. Katanga ilitegemea msaada wa moja kwa moja kutoka Brussels. Msaada huo uliendeleza masomo, lakini ulikuwa na bei yake: nyuma ya mawaziri wa Tshombe walikaa washauri wa Kibelgiji, na uamuzi mwingi ulipitia kwao.

Tatizo la tatu halikuweza kutatuliwa na waziri wa elimu. Kaskazini mwa jimbo Wabaluba wengi walikataa kujitenga, na mapigano yalivuruga maisha ya vijijini. Kufikia Septemba 1961, makumi ya maelfu ya Wabaluba walikuwa wamekimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa pembezoni mwa Elisabethville penyewe. Ndani ya mji mmoja, watoto wengine walijifunza kuimba La Katangaise shuleni, wengine walilala kwenye vibanda vya kambi wakiikimbia serikali iliyoimbwa katika wimbo huo.

Hapo ndipo penye ugumu wa kumhukumu Kiwele. Alikuwa waziri wa serikali iliyoshutumiwa kuhusika na mauaji ya Patrice Lumumba Januari 1961. Wizara yake haikuwa ya polisi wala ya jeshi, ila wimbo wake ndio ulioipa serikali hiyo sauti. Mwalimu aliyetumia maisha yake kuwaunganisha vijana katika kwaya alitunga wimbo uliowagawa watu.

Jina lililobaki

Kiwele alifariki mwaka 1961 akiwa bado waziri, kabla ya kutimiza miaka 50. Hakupata hata miaka miwili kamili kwenye wizara, muda usiotosha mtoto kumaliza nusu ya shule ya msingi. Januari 1963 Katanga ilirudishwa Kongo, bendera yenye misalaba mitatu ya shaba ikashushwa, na La Katangaise ikakoma kuwa wimbo wa dola.

Mipaka imebadilika tena tangu hapo. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne, na Mpala alikozaliwa iko sasa katika jimbo la Tanganyika, wakati Lubumbashi ni makao makuu ya Haut-Katanga. Mwaka 2019 serikali ilitangaza elimu ya msingi bila ada katika shule za umma, na madarasa yakafurika. Uhaba wa walimu na wa nafasi, ambao wizara ya mwaka 1960 ilipambana nao, haujaisha.

Mjini Lubumbashi, hata hivyo, jina la Kiwele bado hutajwa kila asubuhi ya masomo. Lipo kwenye shule ya sekondari, Lycée Kiwele.