Msonobari Unaofukia Makaa Yake

Agosti 2023 moto mkubwa ulipoteketeza misitu ya kisiwa cha Tenerife, picha za vigogo vyeusi zilienea, na wengi wakasema msitu umekufa. Hukumu hiyo ilikuwa ya haraka mno. Mti uliotawala milima ile ni msonobari wa Kanari, Pinus canariensis, ambao asili yake ni Visiwa vya Kanari vya Hispania na si penginepo, na uhai wake haupimwi kwa rangi ya gome. Urefu wake na mbegu zake tuviache. Ajabu yake imo ndani ya gome hilo.

Misonobari mingi ikiungua majani yote hufa, ikaachia mbegu kazi ya kuanza upya. Huu huchipua palepale, kwenye shina na matawi yaliyoungua, kutoka sehemu ndogo hai zilizotulia kwa miaka. Tuziite nini? “Machipukizi fiche” halinikai, maana chipukizi ni kitu kilichokwisha kuchomoza. Mkulima wa mihogo ana neno bora: hupanda pingili yenye macho. Basi haya ni macho yaliyolala. Yafikirie kama makaa ambayo mpishi huyafukia majivuni usiku. Majivu yenyewe hayawaki tena, lakini huzuia joto lisipotee. Asubuhi makaa yakifukuliwa na kupulizwa, jiko linawaka bila kiberiti. Gome hufanya kazi hiyo kinyumenyume: tabaka zake zilizokufa, zenye hewa ndani, huzuia joto lisiingie. Na pumzi ya kupuliza ni wanga uliowekwa akiba ndani ya mti, unaolisha majani ya kwanza kabla hayajaweza kujilisha.

Atakayesema kwamba ipo misonobari mingine yenye gome nene anasema kweli, ila gome huokoa shina tu. Taji likiungua lote na macho hakuna, shina hilo hufa njaa. Moto wa mara kwa mara humaliza akiba, ni kweli pia, lakini hiyo si sababu ya kuukata mti kwa kuwa ni mweusi. Uachwe kwanza. Baada ya mlipuko wa volkano wa mwaka 2021 huko La Palma, kisiwa kingine cha Kanari, misonobari iliyobabuka ilitoa majani machanga ya kijani chenye ubuluu, yakiwa yamebana kwenye gome jeusi.